Simenti ya Koko

Mifuko ya simenti ilikuwa imelala ndani ya nyumba tangu Pasaka, imepangwa juu ya mbao karibu na kitanda cha watoto, imefunikwa shuka la zamani kama mgonjwa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mbusa aliinua shuka na kuibonyeza kwa dole gumba. Asubuhi ile aliubonyeza mfuko wa chini, akaubonyeza tena, akamwita mke wake.

"Mama Kavira, kuja uone. Huku pembeni imeanza kuwa jiwe."

Mkewe, Kahindo, alikuwa nje anapuliza makaa. Aliingia akijipangusa majivu kwenye nguo.

"Ni ubaridi ya chini," akasema.

"Si ubaridi ya chini. Ni kungoja. Simenti haingojaka mutu." Mbusa akafunika tena. "Samedi naenda. Camion ya Didier inashuka mpaka Luna na escorte ya jeshi. Nimeisha kuongea naye, hata nafasi ya mifuko ameniwekea."

"Lakini barabara..."

"Barabara, barabara! Pasaka ulisema barabara. Mvua ikaanza, ukasema mvua. Mutoto akagonjwa, ukasema mutoto. Batu ya kwetu bamerudi, banalima, bameweka mpaka soko. Siye tu njo tumebaki, na mama yangu amelala chini ya majani kama mutu mwenye hakuzaa. Na mutoto yake ni masoni!"

Kahindo alirudi kwenye makaa yake. Mume wake alisema kweli tupu. Hapa Bunia Mbusa, fundi wa kujenga, alikuwa amejenga makaburi ya watu wengi, mengine yenye vigae vyeupe, mengine yenye kipaa kidogo cha bati, na moja la mfanyabiashara wa mbao lililokuwa zuri kuliko hii nyumba ya kupanga wanayolala wao, hapa Ngezi. Na kwao, mtoto wa kiume hatulii mpaka amemwekea mzazi wake simenti. Watu wa ukoo wanakuja, wanakula, wanamtaja marehemu, ndipo matanga yanakwisha kweli. Mbusa alijenga ya wengine, mama yake hakuwa na hata tofali. Aliishi na jambo hilo kama mtu anayetembea sokoni na shati lililochanika mgongoni.

Kaburi lenyewe alilijua kwa maneno ya Kahindo tu: nyuma ya jikoni, chini ya mti wa avoka, mahali udongo ni laini.

Nyuma ya jikoni ile hakukuwa na kaburi lolote.

Mwaka juzi, adui walipoingia upande ule, Mbusa alikuwa Mongbwalu kwenye mashimo ya dhahabu. Kahindo alikimbia na watoto wake, Kavira na mdogo wake Ushindi, ambaye alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe, ambaye watoto walimwita koko, alikuwa mwanamke mzito mwenye magoti yaliyovimba. Kutoka kitandani mpaka mlangoni kwake ilikuwa safari. Koko alibaki. Kahindo hakuweza kulisema hilo. Mbusa alipowakuta Bunia, wamelala ndani ya darasa la shule pamoja na wakimbizi wengine, neno lake la kwanza lilikuwa, "Na mama?" Wanawake wote wa darasa lile wakageuza macho. Kahindo, miguu imemvimba, mtoto analia, akajibu: "Homa ilimubeba. Tulimuzika mbele ya kukimbia."

Alitaka tu kuuvuka ule usiku. Kesho, alifikiri, nitamwambia vizuri. Lakini kesho yake Mbusa alikuwa amekwisha kunyoa nywele, watu wanamletea pole, padri amekwisha kulitaja jina kanisani. Neno lililosemwa ili kupitisha usiku mmoja likageuka nguzo ya nyumba.

Wa kumpinga hakuwapo. Nyumba na shamba lao vilikuwa ng'ambo ya pili ya kijito, mbali, na waliorudi wote walikuwa wamejibana kando ya barabara. Aliyejua ni Kavira tu. Siku ile darasani alikuwa amempakata Ushindi. Alimwangalia mama yake, akainamisha kichwa. Tangu hapo hawakuligusa, wala mmoja wala mwingine.

*

Kavira sasa alikuwa msichana mkubwa, mwenye maneno machache nyumbani na mengi huko kwenye trupe, kikundi chake cha michezo ya kuigiza. Trupe ilikuwa ya vijana wa mitaa ya Mudzipela na Ngezi. Walikutana ndani ya salle, ukumbi wa parokia, na mkubwa wao alikuwa Stéphane, kijana mrefu mwembamba aliyefundisha Kifaransa kwenye shule moja iliyomlipa siku ilipomkumbuka. Michezo yao ilikuwa na namna yake. Hawakuandika kitu. Walikaa kwa duara, kila mmoja anatoa jambo lililomkuta, wanachagua moja, wanaondoa majina, wanalipeleka uwanjani mbele ya watu. Likifika pabaya Stéphane anapiga filimbi, wachezaji wanaganda kama picha, na yeyote anayejiona anajua zaidi anaitwa kuchukua nafasi ya yule anayeonewa, aonyeshe. Si kwa mdomo. Kwa kufanya.

Wazee hawakuipenda sana habari hiyo. Hortense, mwenye parcelle, ile nyumba na uwanja wake, ambaye dirisha lake lilitazama mlango wa Kahindo saa zote, alikuwa na lake la kusema kila alipomwona Kavira anatoka.

"Mama Kavira, binti yako bado anakimbilia cinéma?"

"Ni théâtre, mama Hortense."

"Ni yote moja. Bwana hapatikanaka kwa kulialia mbele ya batu ya pikipiki. Aje anitekee maji, nitamupigia makofi hapahapa, tena mengi."

Kahindo alicheka, kwa sababu mwenye nyumba akitania mpangaji anacheka.

Alhamisi jioni Kavira alirudi mapema. Alisimama penye mlango, bega limeegemea fremu, anachezea kidole.

"Mama, naomba kitenge moja. Ya kuvaa kesho."

"Kitenge yangu? Ya kufanya nini? Si ulisema mara hii weye unapiga bati tu kule pembeni?"

"Glodie njo alikuwa anacheza mama. Malaria imemuangusha, bamemuwekea maji ya sérum kwa mukono. Stéphane anasema mie nichukue nafasi yake, ju mie njo najua maneno yote."

"Na ju ya nini ulikuwa unapiga bati, kama weye njo unajua maneno yote?"

"Mwenye hadithi hachezaka ndani yake," Kavira akasema. "Ni sheria yetu."

Alilisema polepole, akangoja. Mtu mwingine angeweza kupitwa na neno lile katika kelele za sufuria. Kahindo halikumpita. Alilisikia lote, na hapohapo akainamia sahani ya maharagwe akaanza kutafuta vijiwe ambavyo alikuwa amekwisha kuvitoa.

"Mama, hauniulize ni mchezo ya nini?"

"Si ni ileile ya kunawa mikono?"

"Haiko ya kunawa mikono." Kavira akasogea hatua moja ndani. "Kule kwa duara, jambo ukilileta unaweza kuondosha majina. Lakini vile lilifanyika, haubadilishe. Stéphane anasema ukibadilisha, batu batatafuta dawa ya ugonjwa ingine."

"Stéphane, Stéphane! Chukua ile ya bulu, ya ndege. Imezeeka, hata ikichafuka."

"Ile ya ndege, mama?"

"Si nimesema? Na ufunge mulango, moshi inaingia."

Kavira hakusogea mara moja. Ndipo sauti ya Mbusa ikatoka chumbani, imejaa furaha. Alikuwa anatafuta kamba ya kufungia mifuko yake. "Kesho saa ngapi? Kesho patron anatuachilia mapema. Nakuja! Batu bote ya Mudzipela bamemuona binti yangu, mie peke yangu sijamuona!"

"Papa, haiko lazima."

"Iko lazima!"

Kwa muda wote uliofuata Kahindo alirudia kuiangalia ile jioni, jinsi mtu anavyorudi mahali alipoangusha kitu. Ilikuwa hapo, kati ya sahani ya maharagwe na mlango. Binti alikuwa amemfungulia kabisa. Kilichobaki kilikuwa kuuliza tu.

*

Ijumaa saa tisa uwanja wa Mudzipela ulikuwa umejaa. Wenye pikipiki walikaa juu ya pikipiki zao kama watu wa balkoni, mama wauza ndizi na mabeseni mapajani, wanafunzi na uniforme zao. Mbusa alijisukuma mpaka mbele, kofia mpya kichwani, akimvuta Kahindo kwa mkono na kumwambia kila aliyemkanyaga: "Pardon. Mutoto yangu njo iko mule."

Bati likapigwa, nalo likalia kama risasi za mbali. Bijou, msichana mnene, alikaa katikati juu ya kigoda, kitambaa kichwani, unga wa muhogo nyweleni, miguu ameinyoosha mbele. Ndiye koko. Watu wakacheka, maana Bijou walimjua, anauza sukari pale pembeni.

Halafu akaingia mama. Kahindo aliona kwanza kitenge, zile ndege za bulu. Ndicho alichokuwa amevaa siku ile. Alikuwa amekifua mara ngapi sijui, na udongo mwekundu wa njia ya Komanda, waliyopita wakikimbia, haukutoka kwenye pindo. Jana alikitaja kwa sababu ni cha zamani, hakuna jingine. Ama ndivyo alivyojiambia. Kisha akaona kilivyofungwa, juu, upande wa kushoto, kama yeye anavyofunga kukiwa na kazi. Kisha mkono kiunoni. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe inatoka mdomoni mwa mtoto wake.

"Weye binti, beba mutoto!"

Aliyecheza binti alikuwa Gentille, mwembamba, mwenye macho makubwa. "Na koko?"

"Beba mutoto, nimesema!"

"Koko hawezi kutembea, mama. Tumubebe."

"Utamubeba na nini? Tangulia. Usiangalie nyuma. Vuka kijito, uningoje ng'ambo. Mie nakuja."

Gentille akachukua furushi la nguo lililokuwa mtoto, akaenda, akageuka, akafukuzwa kwa mkono, akaenda. Bati likalia karibu zaidi. Mama na koko wakabaki wawili, wanaangaliana. Hapo ndipo mchezo uliishia, maana aliyeitoa hadithi alikuwa amekwisha kuvuka kijito na hakuona zaidi. Stéphane akapiga filimbi.

"Bazazi, bandugu! Bamemuambia huyu binti atangulie, aache koko yake. Nani iko na namna ingine? Aje, asiseme, afanye!"

Wa kwanza alikuwa kijana wa pikipiki, ambayo hapa Bunia wanaiita moto. Alimwambia Bijou, "Koko, panda, leo ni bure," akaigiza kupiga kiki, na uwanja ukaanguka kwa kicheko. "Moto inatoka wapi?" Stéphane akauliza. "Kule haiko moto." Akaja mama mmoja na ndizi zake bado kichwani, akasema yeye angeita majirani, akaita kweli, kwa sauti iliyofika barabarani. Kavira, ndani ya kitenge, akamjibu kwa ubaridi: "Majirani bameisha kukimbia. Unaita nani?" Ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliyeshika nafasi ya mtu mgumu lazima amfanyie ugumu kila anayekuja, asimlegezee, maana kule porini hakuna aliyelegezewa.

Kahindo alisimama katikati ya watu wanaocheka. Nyuma yake mwanamke mmoja alisema, "Angalia macho ya huyu mama! Moyo kama chuma." Mwingine akamjibu, "Ni mukwe na mama-mukwe. Tunajua hizo. Alikuwa anatafuta nafasi tu, adui bakamusaidia." Wakacheka tena. Kahindo akacheka pia kidogo, kwa sababu mtu asiyecheka ataangaliwa.

"Mie naenda," Mbusa akasema.

"Papa Kavira, acha. Ni kitu ya vijana."

"Vijana hawajue kubeba." Akavua kofia, akampa mkewe aishike.

Uwanja ukampokea kwa kelele, mtu mzima na mikono yake ya simenti. Aliinama mbele ya Bijou, akamweka mgongoni kama mfuko, akasimama kwa mara moja, akamzungusha uwanja mzima mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Watu walipiga vigelegele. Alimshusha taratibu, akamtengenezea kitambaa kichwani. Hilo hakuna aliyemwambia alifanye. Kisha akamgeukia mama wa mchezo, jasho linamtoka.

"Mama ya mutu haachwaka! Umeona, nimemubeba. Sasa weye mwanamuke, sema mbele ya batu: weye mugongo haukuwa nayo?"

Ilimlazimu Kavira kumjibu, na kumjibu kwa ugumu.

"Mugongo yako haitoshe. Kutoka hapa mpaka barabara ni kupanda tu. Na mutoto nani atamubeba?"

"Nitabeba bote!"

"Adui bako ndani ya ndizi. Unabasikia?"

"Basi bakuje! Tukufe bote. Mutu anakufa na mama yake!"

"Kufa ni rahisi kusema kama uko mbali," Kavira akasema, na hapo sauti yake ikabadilika. Haikuwa tena ile ya kitenge. "Huyu mama alikuwa peke yake. Na usiku inaingia. Haukukuwako, Papa."

Watu walidhani ni mchezo. Wengine wakapiga makofi. Lakini Mbusa pale uwanjani alikuwa ameshika nafasi ya binti, na hakuna mama anayemwita binti yake Papa. Aliuangalia uso wa mtoto wake, akashusha macho kwenye kitenge, ndege kwa ndege, mpaka chini kwenye pindo lenye udongo mwekundu. Kisha akageuka akamtafuta mkewe kati ya watu. Kahindo alikuwa amekumbatia kofia kifuani.

Stéphane hakujua lolote. "Merci, papa! Bandugu, papa apewe makofi yake!"

Wakampa, mengi, na Mbusa akasimama palepale akiyapokea kama mtu anayepigwa mvua.

*

Walirudi Ngezi, Mbusa mbele, mama na binti nyuma. Dirishani Hortense akauliza, "Basi, cinéma ilikuwa nzuri?" Wakapita, na kwa mara ya kwanza hakuongeza.

Mbusa alikaa juu ya mifuko ya simenti. Alikaa mpaka Ushindi, aliyekuwa anacheza na vizibo chini, akachoka akaja kulala kwenye goti lake.

"Ni hivyo?" akauliza mwishowe.

"Ni hivyo," Kahindo akasema.

"Na avoka?"

"Avoka iko. Kaburi njo haiko."

Mbusa akacheka kidogo kwa pua. "Nimeipima. Kwa kichwa yangu nimeipima, urefu, upana, hata musalaba nimejua nitaiweka upande gani. Nimebeba simenti ya batu, kila mufuko nasema, ya mama yangu inakuja. Na batu bananiambia pole, nasema merci. Merci ya nini?"

"Nilitaka kukuambia."

"Siku gani?"

Kahindo alitafuta hiyo siku. Alipita darasani, akapita matanga, akapita Pasaka na mvua na homa ya mtoto. Siku zilikuwa nyingi, na yoyote kati ya hizo ingefaa.

Kavira alikuwa amekaa penye kizingiti, bado amevaa kitenge. "Papa, mie njo nilitoa ile hadithi. Sikujua utakuja. Sikutaka kumupatisha mama haya. Nilitaka tu batu baniambie kama ilikuwako namna ingine."

"Na bamekuambia nini?"

"Bamekuja na moto, na kelele." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Haikuonekana."

Mbusa akatikisa kichwa, si kwa hasira. Kahindo mwenyewe alitaka kumkasirikia binti yake, hata kidogo. Ingemsaidia kupitisha jioni. Hakuiona hasira popote. Kilichokuwa kinamjia kichwani ni kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, lile anamoweka sindano na vifungo, na kitu kingine chini ya vifungo. Maana mchezo ulikuwa umesema nusu tu. Nusu iliyobaki Kavira hakuijua.

*

Asubuhi ya Jumamosi camion ya Didier, lori lililojaa mizigo, ilipiga honi kwenye kona. Mbusa alikuwa amefunga jembe, panga na shuka lile la kufunikia simenti. Mifuko aliiacha, mwiko wake pia.

"Naenda kuokota kitu itaonekana," akasema. "Kama kuko kitu."

Kahindo akamfuata mlangoni, mkono umefumbwa. Akaufungua mbele yake. Ulikuwa na ufunguo mdogo wa kufuli, umeshika kutu.

"Hii ni nini?"

"Ni ya nyumba. Ya kule."

Mbusa hakuuchukua. "Mama yangu iko ndani ya nyumba, na funguo inafanya nini kwako?"

"Yeye mwenyewe alisema. Alisema, 'Funga kwa inje. Bakiona kufuli batasema haiko mutu, batapita.' Nikakataa. Akanitukana, akasema, 'Weye unachelewesha batoto.' Nikafunga."

"Nani alimusikia?"

"Mie."

"Weye tu."

"Mie tu."

Yalikuwa maneno yaleyale ambayo angeyasema mwaka juzi, ndani ya darasa, miguu imevimba. Siku ile yangekuwa habari. Yangeuma, wangelia pamoja, yangekwisha. Leo, baada ya avoka na udongo laini, yalikuwa maneno ya mtu anayejitetea, na Kahindo mwenyewe aliyasikia yakitoka hivyo. Aliona macho ya mume wake yanamwacha polepole, yanakwenda mbali, kama macho ya mtu anayefunga duka.

"Mie pia nilimusikia, Papa."

Kavira alikuwa amesimama nyuma yao.

"Weye?" Mbusa akageuka. "Ulikuwa wapi?"

"Inje, karibu na mulango, na Ushindi kwa mugongo. Koko alisema, 'Funga.' Alisema mara mbili. Mama alikuwa analia."

Alisema hivyo bila kutetemeka, macho yake ndani ya macho ya baba, mkono mmoja kiunoni. Honi ikalia tena. Mbusa alivuta pumzi mpaka chini, akaishusha kama mtu anayetua mzigo, akachukua ufunguo akauweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Bon," akasema. "Bon." Akamgusa Kavira kichwani, halafu, baada ya kusita, akamgusa mkewe begani, akaenda.

Kahindo alibaki na harufu ya kutu mkononi. Naye alijua. Wakati koko anasema lile neno, Kavira alikuwa amekwisha kuvuka kijito. Alimwona kwa macho yake, mgongo mdogo unapotea ndani ya matete, mtoto juu yake. Huyu mtoto alikuwa amekwenda kwa watu wengine, kwenye duara la vijana wasio na kitu, kutafuta mahali ambapo jambo halibadilishwi vile lilifanyika. Sasa alikuwa amerudi nyumbani akalibadilisha, kwa ajili ya mama yake, na alicheza vizuri. Ilikuwa inatosha Kahindo akimbie mpaka kwenye kona na kusema: apana, Papa Kavira, alikuwa mbali, hakusikia kitu. Camion ilikuwa bado inapakia. Alisimama penye mlango mpaka ikaondoka.

Siku ya tatu Mbusa alipiga simu, mtandao unakatika. "Kufuli iko vilevile," akasema. "Paa njo haiko, iliungua." Kisha ikakatika kabisa, na hakupiga tena juma lile.

Stéphane alikuja mwenyewe mpaka parcelle, amevaa ile filimbi yake shingoni. Kavira alikuwa nje anavunja kwa nyundo mfuko uliogeuka jiwe, ili waweke vipande vyake penye matope ya mlango.

"Kavira, batu banakuuliza! Batu ya Mudzipela banataka turudie. Na samedi tunakaa tena kwa duara, ulete hadithi ingine. Weye njo uko na sauti, unajua?"

Kavira hakuinua kichwa.

"Sina ingine, kaka Stéphane."

"Kila mutu iko nayo."

"Mie sina." Akapiga nyundo, kipande kikaruka mpaka miguuni kwa mama yake aliyekuwa anaosha vyombo. "Nitakuja. Lakini mutanipa bati. Nitapiga bati tu."

Kahindo aliinua kile kipande, akakigeuza mkononi, akafungua mdomo. Stéphane alimtazama, akingoja, maana mtu aliyezoea kuwangojea watu waseme anatambua mdomo unaotaka kufunguka.

"Karibu chai, Stéphane," Kahindo akasema.